LOUIS PASTEUR: KIJANA ALIYETENGA KULIA NA KUSHOTO

Jina la Louis Pasteur si geni masikioni mwetu. Kila anayenunua pakiti ya maziwa dukani amenunua na sehemu ya kazi yake, kwani njia ile ya kuyapasha maziwa moto yasiharibike imepewa jina lake. Na mzazi ambaye mwanawe ameumwa na mbwa mwenye kichaa akakimbizwa hospitali kuchanjwa, naye yumo katika deni la mtu huyu. Hayo twayajua, na vitabu vya shule vimeyaeleza mara nyingi.

Lakini leo nataka kuwasimulia, wasomaji wapendwa, habari ya Pasteur ambayo aghalabu haisimuliwi. Ni habari ya kabla ya maziwa, kabla ya chanjo, kabla ya ndevu na nishani. Ni habari ya kijana wa miaka 25, mwenye shahada mpya mkononi lakini hana cheo wala mali, aliyekaa mezani na kikoleo kidogo akichambua punje za chumvi moja moja, mithili ya mama achambuaye mchele, akaweka hizi kulia na zile kushoto. Kwa kazi hiyo ya utulivu alifungua mlango ambao wataalamu wa kemia wa ulimwengu mzima mpaka leo hii wanaingia na kutokea.

MTOTO WA MTENGENEZA NGOZI

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Disemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa sajini katika jeshi la Napoleon, na vita vilipokwisha akarudi kwenye kazi ya kutengeneza ngozi. Mama yake aliitwa Jeanne-Étiennette. Louis alipokuwa bado mdogo jamaa hao walihamia Arbois, na huko ndiko alikokulia, katika nyumba iliyokuwa karibu na mto na iliyojaa harufu ya ngozi.

Shuleni hakuwa nyota. Alichosifiwa nacho mjini ni kuchora. Alichora nyuso za majirani na wakubwa wa mji kwa chaki za rangi, na picha aliyomchora mama yake ingalipo. Nawaomba wasomaji waikumbuke picha hiyo, maana jicho la mchoraji ndilo litakalomfaa mbele ya safari. Mchoraji hujifunza kutazama uso mpaka akajua kipi kimeelekea wapi.

Mwaka 1838, akikaribia umri wa miaka 16, alipelekwa Paris kusoma. Hakudumu. Kijana alishikwa na hamu ya kwao hata akawa mgonjwa, akatamani japo kunusa ile harufu ya ngozi za babake. Baada ya wiki chache baba alifunga safari akaenda kumchukua. Sisi wa pwani tuliowahi kupeleka watoto shule za mbali twalifahamu jambo hilo, na twajua pia kuwa mtoto aliyerudi nyumbani si lazima awe ameshindwa. Louis alisoma Besançon, mji ulio karibu zaidi na kwao. Alipopata cheti chake cha sayansi mwaka 1842, watahini waliandika kuwa katika kemia ni mtu wa wastani tu!

Mwaka huo huo alifanya mtihani wa kuingia École Normale ya Paris, chuo kikubwa cha kufunzia walimu. Alifaulu, lakini nafasi aliyoipata haikumridhisha nafsi yake. Akakataa kuingia. Akarudi kusoma mwaka mzima, akaufanya mtihani tena mwaka 1843, akapanda, ndipo alipokubali. Mtu wa namna hiyo, ukimwona amekaa mezani na punje za chumvi, usimharakishe.

BAADA YA SHAHADA

Mwezi wa Agosti 1847 Pasteur alipata shahada yake ya udaktari kwa maandiko mawili, moja la kemia na moja la fizikia. Sasa basi, mtu akishapata shahada kubwa kuliko zote, afanye nini? Siku hizi vijana wetu walio katika vyuo vya ng'ambo wanalijua vizuri swali hili. Daktari mpya wa sayansi hukaa miaka miwili, mitatu, hata zaidi, katika maabara ya mkubwa fulani, kwa mshahara mdogo na mkataba mfupi, akitafuta utafiti mmoja utakaolifanya jina lake lijulikane. Si mwanafunzi tena, wala si profesa bado. Yuko baharini baina ya bandari mbili.

Pasteur naye alikuwa katika hali hiyo. Serikali ilikuwa imetaka kumpeleka mkoani kufundisha shule, na lau angelikwenda, huenda leo tusingelikuwa na habari ya kuandika. Aliyemwokoa ni Antoine Jérôme Balard, mtaalamu aliyeigundua bromini mwaka 1826. Balard aliwaomba wakubwa wamwachie kijana huyo, akamweka katika maabara yake kuwa msaidizi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilimpa meza, vyombo na wakati.

Katika maabara hiyo alipita pia mtu mwingine ambaye sharti tumtaje, Auguste Laurent, mjuzi wa kemia aliyeyachunguza sana maumbo ya fuwele. Laurent ndiye aliyemwonyesha kijana namna ya kuyahusisha maumbo ya nje ya fuwele na mpango wa ndani wa maada. Pasteur alipokuja kuwa mkubwa hakumpa Laurent haki yake yote ya shukrani. Daftari zake za maabara, ambazo mjukuu wake alizikabidhi Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mwaka 1964, zimewawezesha wanahistoria kuona kuwa njia aliyoipita haikuwa imenyooka kama alivyoisimulia mwenyewe baadaye. Nalitaja hili si kwa kumvunjia heshima. Nalitaja kwa sababu mwenye kusimulia maisha ya watu ni shahidi, na shahidi hafichi.

KITENDAWILI CHA UKWAJU

Hebu sasa tukitegue kitendawili chenyewe.

Iko tindikali iitwayo tatariki. Huko Ulaya watu waliijua kwa kuwa hujiganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwani tindikali hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika ukwaju, ndiyo inayokunja uso wa mtoto akiulamba, na ndiyo inayoupa ladha mchuzi wetu wa samaki. Kila jiko la Lamu, Mombasa na Malindi lina tatariki ndani yake.

Basi wenye viwanda huko Ulaya waliona kuwa mara nyingine hutokea tindikali nyingine, ndugu yake huyu, wakaiita resemiki. Ukizipima mizani ni moja. Ukizivunja, zote mbili zina kaboni, haidrojeni na oksijeni kwa vipimo vile vile. Mwaka 1844 mtaalamu wa Kijerumani, Eilhard Mitscherlich, alitangaza kuwa chumvi za tindikali hizi mbili zafanana kwa kila hali, hata umbo la fuwele zake, ila jambo moja tu, nalo ni mwanga.

Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Lakini kuna fuwele maalumu ziwezazo kuuchuja, ukabaki ule unaotikisika upande mmoja tu, kama kamba iliyopitishwa baina ya fito mbili za ua: ukiitikisa juu na chini yapita, ukiitikisa kando yazuiwa. Mzee mmoja wa Kifaransa, Jean-Baptiste Biot, alikuwa ameona tangu mwaka 1815 kuwa vimiminika vingine, kama mafuta ya tapentaini au maji ya sukari, huupinda mwanga huo uliochujwa. Unaingia umesimama wima, unatoka umeinama kulia au kushoto. Sasa, tatariki ya kawaida huupinda mwanga kulia. Resemiki haiupindi kabisa.

Vitu viwili vilivyo sawa kwa kila kipimo vitatendaje tofauti mbele ya mwanga? Ama vipimo vina kasoro, ama kuna jambo halijaonekana. Wakubwa walilisoma tangazo la Mitscherlich, wakatikisa vichwa, wakaendelea na shughuli zao. Kijana yule alilisoma, likamnyima usingizi.

KIKOLEO NA PUNJE

Mwanzo wa mwaka 1848 Paris ilikuwa imewaka moto. Mwezi wa Februari watu waliingia barabarani, mfalme Louis-Philippe akakimbia, jamhuri ikatangazwa. Pasteur naye alijiandikisha katika walinzi wa taifa. Lakini zamu ikimalizika alirudi mezani kwake, na mezani palikuwa na chumvi za tatariki na za resemiki.

Alizitazama fuwele za tatariki akaona jambo ambalo Mitscherlich hakuliona. Kila fuwele ilikuwa na vijiuso vidogo pembeni, kama vile seremala aliyepitisha randa upande mmoja wa ubao na kuuacha wa pili. Na vijiuso hivyo vyote vilielekea upande mmoja. Akasema moyoni mwake kuwa hapa ndipo penye siri: umbo la fuwele limekaa upande, na mwanga nao hupinda upande. Basi akatarajia kuwa fuwele za resemiki, kwa kuwa haziupindi mwanga, hazitakuwa na vijiuso hivyo.

Akazitazama. Lahaula! Vijiuso vimo. Moyo ukamwanguka. Lakini hakuondoka. Akazigeuza zote zielekee upande mmoja, akazitazama tena moja baada ya moja, na hapo ndipo jicho la mchoraji lilipolipa. Aliona kuwa baadhi zina vijiuso upande wa kulia, na nyingine upande wa kushoto. Hizi zilikuwa picha ya zile katika kioo.

Mfano wake ni viatu vya makubadhi. Vimeshonwa na fundi mmoja, kwa ngozi moja, kwa kipimo kimoja, lakini cha kulia hakiingii mguu wa kushoto. Au tutazame mikono yetu. Ukiiunganisha viganja imelingana, kidole kwa kidole. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine, vidole gumba vinakwenda mbalimbali. Na sisi tuliofunzwa kuandika herufi za Kiarabu kutoka kulia, kisha shule ikatufunza za Kizungu kutoka kushoto, twajua kuwa upande ni jambo kubwa. Neno ukilisoma katika kioo, herufi zote zimo na hakuna iliyopungua, lakini neno halisomeki.

Pasteur akachukua kikoleo. Akatenga punje za kulia kulia, na za kushoto kushoto. Akaziyeyusha mbali mbali katika maji, akapitisha mwanga. Za kulia zikaupinda kulia, sawasawa na tatariki ya kawaida. Za kushoto zikaupinda kushoto, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona katika tatariki. Kisha akachanganya sehemu sawa za maji hayo mawili, na mwanga ukapita bila kupinda. Resemiki, kumbe, ilikuwa ni kulia na kushoto vilivyochanganywa sawa kwa sawa, kila mmoja akimvuta mwenziwe hata wasiende popote. Inasimuliwa kuwa alitoka maabara mbio, akamkumbatia wa kwanza aliyekutana naye ukumbini.

Hapa niongeze jambo litakalowachekesha wa pwani. Chumvi ile hujitenga kulia na kushoto pale tu inapoganda katika baridi iliyo chini ya nyuzi 27 hivi. Joto likizidi hapo, pande mbili hushikamana katika fuwele moja, na hakuna kikoleo kitakachozitenganisha. Lau kijana huyo angeifanya kazi yake Mombasa, mchana wa kaskazi, madirisha wazi, angekuta punje zote ni za aina moja na kitendawili kingebaki pale pale. Baridi ya Paris ilimsaidia. Bahati ilikuwamo, naam, lakini bahati hiyo ilikuwa imewapitia wengi kabla yake, nao hawakuitazama.

MAMA NA MZEE BIOT

Ugunduzi huo ulisomwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwezi wa Mei 1848. Mwezi huo huo mama yake alifariki dunia huko Arbois, naye Louis hakuwahi kumkuta hai. Kazi zikamshinda kwa muda. Mwenye kuyasoma maisha ya watu wakubwa huona mara nyingi kuwa furaha na msiba hubisha hodi mlango mmoja, siku za kukaribiana.

Lakini palikuwa na mtihani mwingine ukimngoja. Mzee Biot, yule aliyeijua habari ya mwanga kuliko mtu yeyote, alikuwa na umri wa miaka 74, na hakuwa mwepesi wa kuamini. Kijana wa miaka 25 aone kitu ambacho Mitscherlich hakukiona? Alimwita Collège de France, mahali alipokaa. Akampa resemiki yake mwenyewe aliyoipima kwanza. Akampa na dawa nyingine zote kutoka kabatini mwake. Akamtaka aitengeneze chumvi mbele ya macho yake, kisha sahani akaiweka kwake mwenyewe maji yakauke polepole.

Fuwele zilipokuwa tayari, Pasteur aliitwa azichambue, mzee akitazama, na akatakiwa aonyeshe zipi zitapinda mwanga kulia na zipi kushoto. Baada ya hapo Biot akamwambia kuwa yaliyobaki atayafanya yeye. Akayapima maji kwa mkono wake, akaanza na yale ya kushoto, kwani hayo ndiyo yaliyokuwa mageni ulimwenguni. Akaweka jicho kwenye chombo, na mara moja akaona mwanga umepinda kushoto. Mzee akamshika kijana mkono. Akamweleza kuwa ameipenda elimu maisha yake yote kiasi kwamba jambo hili limemfanya moyo umpige. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 1862, Biot alikuwa kama baba kwake.

Mimi katika maisha yote ya Pasteur hakuna pahala panaponipendeza kuliko hapa. Mzee hakumkataa kijana kwa ujana wake, wala hakumkubali kwa huruma. Alimpima, na alipomwona ni kweli akamshika mkono. Wazee wetu wangapi wa elimu wanafanya hivyo? Na vijana wetu wangapi wanakubali kupimwa?

Pamoja na hayo, Wizara haikujali. Mwaka huo huo wa 1848 alitumwa Dijon kufundisha fizikia katika shule ya sekondari, na Biot alikasirika sana. Mwanzo wa 1849 ndipo alipopata nafasi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Huko alimposa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu wa mji huo, na wakaoana tarehe 29 Mei 1849. Bibi huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wake na msiri wake, akiandika usiku yale ambayo mumewe humsomea.

KWININI NA UKUNGU

Kikoleo kizuri, lakini hakifai kwa kila kitu. Vitu vingi haviko radhi kujitenga katika fuwele mbili. Pasteur akatafuta njia nyingine. Mwaka 1852 alisafiri Ujerumani, Austria mpaka Prague, kiwanda kwa kiwanda, akiitafuta asili ya resemiki. Mwaka 1853 aliweza kuitengeneza mwenyewe kwa kuipasha moto tatariki. Chama cha Madawa kikamtunukia faranga 1,500, naye nusu ya fedha hizo akazinunulia vyombo vya maabara.

Mwaka huo huo wa 1853 aligundua njia ya pili ya kutenga, na njia hiyo inatuhusu sisi watu wa nchi za malaria. Alichukua dawa zitokanazo na gome la msinkona, ule mti utoao kwinini iliyotuponya homa miaka mingi. Dawa hizo nazo zina upande wao mmoja. Ukizikutanisha na resemiki, hushikana na tatariki ya kulia kwa namna moja, na ya kushoto kwa namna nyingine, moja ikaganda kabla ya mwenziwe. Ni kama kupeana mikono. Mkono wa kulia hukutana vizuri na wa kulia. Ukileta wa kushoto, salamu yenyewe haikai sawa.

Njia ya tatu ndiyo iliyomtoa katika kemia ikamwingiza katika uhai. Mwaka 1858 alitangaza kuwa alipoiacha chumvi ya resemiki ichache, vijidudu viliila tatariki ya kulia na kuiacha ya kushoto. Miaka miwili baadaye alionyesha kuwa ukungu wa kijani, wa jamii ile iotayo juu ya mkate uliolala, hufanya vivyo hivyo. Kiumbe kidogo kisicho na macho kiliweza kutambua kulia na kushoto!

Kwa hapo Pasteur akafikia wazo lililomwandama maisha yake yote, kwamba uhai una upande. Vitu vitengenezwavyo na viumbe hai huwa vya mkono mmoja. Vitengenezwavyo maabara hutoka mikono yote miwili sawa kwa sawa. Alijaribu hata kutumia sumaku, na kuigeuza njia ya jua kwa mitambo juu ya mimea, aone kama atapata kitu cha mkono mwingine. Hakufanikiwa. Lakini kutoka kwa vijidudu vile alikwenda kwenye uchachu, kutoka uchachu akaenda kwenye maziwa na mvinyo uliooza, kisha maradhi ya viwavi wa hariri, kisha kichaa cha mbwa, mpaka siku ya tarehe 6 Julai 1885 alipochanjwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9. Njia yote hiyo ilianzia kwenye punje za chumvi.

Gharama aliilipa. Mabinti zake watatu walifariki wangali wadogo: Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865, Cécile mwaka 1866. Na Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipigwa na kiharusi kilichoupoozesha upande wake wa kushoto. Mtu aliyeufunza ulimwengu tofauti ya kulia na kushoto aliishi miaka 27 iliyobaki akiwa na upande mmoja dhaifu, na nyingi katika kazi zake kubwa alizifanya baada ya hapo. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na amezikwa Paris katika taasisi yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1888.

MSHENGA MWENYE MKONO

Alichokiacha kiliendelea. Mwaka 1874 vijana wawili, Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel, kila mmoja peke yake, walieleza sababu ya mikono hiyo. Kaboni, walisema, hushika vitu vinne, navyo havikai bapa. Ndugu msomaji, fikiria mafiga matatu na kitu cha nne juu yake. Vitu vyote vinne vikiwa mbalimbali, kuna namna mbili tu za kuvipanga, moja ikiwa kivuli cha nyingine katika kioo. Baadaye Lord Kelvin akazipa hali hizo jina la kairali, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mkono.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito kwetu? Kwa sababu miili yetu imejengwa kwa vitu vya mkono mmoja. Harufu ya nanaa na harufu ya kisibiti hutoka katika molekuli ile ile, moja mkono huu na moja mkono ule, na pua zetu hazikosei. Dawa nazo ni hivyo. Iko dawa ya maradhi ya kutetemeka ya Parkinson, iitwayo levodopa, ambayo mkono wake mmoja hutibu na wa pili haufai. Na tusisahau dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia 1957 mpaka ilipoondolewa mwishoni mwa 1961, ikaacha watoto zaidi ya 10,000 wamezaliwa na vilema. Uchunguzi wa baadaye uliutuhumu mkono mmoja wa dawa hiyo, ingawa imeonekana pia kuwa mwili wenyewe huugeuza mmoja kuwa mwingine, kwa hiyo kuitenga pekee kusingewaokoa. Mwaka 1992 Marekani ilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji wa dawa wachunguze kila mkono peke yake.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ambayo leo inawakesha madaktari vijana wa kemia katika maabara za ulimwengu: vichocheo vya kairali. Kichocheo ni kama mshenga. Huzikutanisha pande mbili, posa ikapita, ndoa ikafungwa, naye akaondoka salama kwenda kuunganisha wengine. Kichocheo cha kairali ni mshenga mwenye mkono wake, ambaye hukubali kufunga ndoa za upande mmoja tu. Badala ya kutengeneza mikono miwili kisha kutupa nusu, watengeneza ule mmoja unaotakiwa, na kichocheo kidogo chatosha kazi kubwa.

William Knowles wa Marekani alionyesha njia hiyo mwaka 1968, na levodopa ikatengenezwa viwandani kwa njia yake. Ryoji Noyori wa Japani akaiendeleza, na menthol, ile tunayoinusa katika dawa za mafua, ikatengenezwa kwa vichocheo vyake. Barry Sharpless, Mmarekani mwingine, alipotaka mkono wa kuongoza kazi yake moja, aliuchukua kutoka katika zile zile dawa za gome la msinkona alizozitumia Pasteur mwaka 1853. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mwaka 2021 tuzo hiyo ilikwenda kwa Benjamin List na David MacMillan, walioonyesha kuwa hata molekuli ndogo zisizo na metali zaweza kuwa washenga wa namna hiyo.

Nawaandikia haya nikiwafikiria vijana wetu waliomaliza shahada na kukaa nyumbani wakidhani kuwa elimu imefika mwisho, na wengine walioko ng'ambo katika mikataba ya mwaka mmoja mmoja, wakijiuliza kama watatambuliwa. Pasteur alipofanya kazi hiyo hakuwa na cheo wala mashine kubwa. Alikuwa na swali moja ambalo wakubwa walilipita, meza ya kuazima, na jicho lililokataa kuchoka. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Na wewe mama, siku ukikamua ukwaju kwa ajili ya mchuzi, ujue kuwa tindikali iliyomo humo ni ya mkono wa kulia, na kwamba aliyelijua hilo kwanza alilijua kwa kuchambua.